Kabla Hujalipia Rupia, Reale au Pesa ya Kale Mtandaoni

Rupia ya kwanza niliyoinunua mtandaoni ilinifikia ikiwa imeviringishwa vizuri ndani ya pamba, na kwa macho haikutofautiana hata kidogo na ile niliyoiona kwenye tangazo. Upande mmoja alikuwapo Wilhelm wa Pili, Kaisari wa Ujerumani, amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na upande wa pili simba na mnazi, pamoja na mwaka 1892. Siku ya tatu niliipeleka kwa sonara nijue tu uzito wake. Aliiweka kwenye mizani, ikasoma gramu 9.58, akanitazama bila kusema neno. Rupia halisi iliyotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ina gramu 11.66, na hata ile iliyozunguka mikononi mwa watu kwa miaka ishirini haiwezi kupungua gramu mbili nzima. Kilichoniuma si kiasi nilicholipa, bali ni kwamba ningeweza kumwomba muuzaji anionyeshe uzito ule kabla sijatuma hela, nami sikufanya hivyo kwa sababu picha ilikuwa nzuri.

Maelezo haya ni ya mtu anayetaka kununua sarafu za kale za pwani na bara la Afrika Mashariki kupitia minada na matangazo ya mtandaoni, bila kumwona muuzaji wala kuishika sarafu kwanza. Nimezichagua hizi kwa kuwa ndizo tunazokutana nazo mara kwa mara, na kwa kuwa majina yake tunayo mdomoni kila siku: pesa, senti, rupia, na hela, ambayo ni heller ya Kijerumani iliyobadili matamshi ikabaki nasi baada ya Wajerumani kuondoka.

Udanganyifu wenyewe ni wa aina mbili. Kuna sarafu ya bandia, yaani kipande kilichosubiwa (kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa kwenye kalibu) au kupigwa chapa na mtu asiyehusika, kisha kikauzwa kana kwamba kimetoka katika kiwanda rasmi. Na kuna sarafu halali kabisa iliyovishwa maelezo ya uongo: umri ambao haina, uadimu ambao haina, au madini ambayo haina. Kwa uzoefu wangu, hii ya pili ndiyo inayowala watu wengi zaidi, na pia ndiyo ngumu kudai haki yake, kwa sababu muuzaji atakujibu kwamba sarafu ni ya kweli, na atakuwa hajasema uongo. Kwa hiyo tuanze na maneno, kisha ndipo tuje kwenye chuma.

Soma tangazo kabla ya kuitazama picha

Mfano ulio wazi kuliko yote ni pesa ya Zanzibar ya Sultani Barghash. Ni sarafu ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na picha ya mizani upande wa pili, nayo imeandikwa mwaka 1299 au 1304. Kila baada ya muda hutokea muuzaji, hasa aliye mbali na huku, akaitangaza kuwa ni sarafu ya Zanzibar yenye zaidi ya miaka 700, iliyopigwa katika zama za kati. Mwaka ule ni wa hijria. Mwaka 1299 ni sawa na 1881 hadi 1882 miladia, na 1304 ni sawa na 1886 hadi 1887, yaani miaka ya mwisho ya utawala wa Barghash, aliyeshika ufalme mwaka 1870 na kufariki mwaka 1888. Pesa hizi ni nyingi sokoni na bei yake huwa ya chini. Anayekuomba mamia ya dola kwa moja ya kawaida ama hajui anachokiuza, ama anajua vizuri sana.

Hesabu hiyohiyo hutumika upande mwingine, kwa kuwa Wajerumani nao waliandika Kiarabu kwenye pesa yao ya kampuni. Pesa ya mwaka 1890 ina tai na maandishi ya Kijerumani upande mmoja, na upande wa pili imeandikwa kwa Kiarabu jina la kampuni pamoja na mwaka 1307. Ya mwaka 1891 inapaswa kuwa na 1308, na ya 1892 inapaswa kuwa na 1309. Miaka isipolingana, usiendelee kuuliza bei. Hapa mtu wa pwani ana nafasi nzuri kuliko mnunuzi wa Ulaya, kwani hata aliyeacha chuo akiwa juzuu ya kwanza anaweza kuzisoma tarakimu hizo na kuona kama herufi zimeandikwa na mtu anayezijua au zimechorwa na mtu anayeiga michirizi. Waghushi wengi huiga herufi za Kilatini vizuri, kisha Kiarabu kinawashinda: nukta inakosekana, au herufi inaunganishwa mahali ambapo haiunganishwi.

Reale ya Maria Theresa inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa hata mtu mwaminifu hujikanganya. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na sarafu yake ya madini ya fedha ikawa tayari imezoeleka mno katika biashara ya Bahari ya Shamu, Uarabuni na Uhabeshi, pamoja na Zanzibar, kiasi kwamba wafanyabiashara hawakutaka nyingine. Viwanda vikaendelea kuipiga kwa mwaka uleule wa 1780: Vienna, na baadaye Roma, London, Paris, Brussels, Bombay na kwingineko, na Vienna inaipiga hadi leo kwa ajili ya wakusanyaji. Maana yake ni kwamba sarafu iliyoandikwa 1780 inaweza kuwa imetoka kiwandani wakati babu yako alipokuwa kijana, au mwaka juzi, na bado ikawa halali kwa uzito na madini. Muuzaji anayeandika “reale halisi ya mwaka 1780” na kutoza bei ya kitu chenye miaka zaidi ya 200 anauza mwaka ulioandikwa, hauzi umri. Wataalamu huitambua asili ya kila moja kwa vitu vidogo kama umbo la bizimu iliyo begani mwa malkia na manyoya ya mkia wa tai, na anayedai kuwa yake ni ya mapema hana budi kueleza amelijuaje hilo. Akikosa jibu, mlipe bei ya madini pamoja na kidogo cha uzuri wake, basi.

Dai jingine linalojirudia ni la senti zenye tundu za mwaka 1936. Katika mwaka huo Edward wa Nane alikuwa mfalme wa Uingereza kwa muda usiofika mwaka mmoja, akajiuzulu mwezi Desemba. Sarafu za Uingereza kwenyewe zenye sura yake ni adimu mno na huuzwa kwa bei ya kutisha. Wauzaji huibeba sifa hiyo wakaibandika kwenye senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki zenye jina EDWARDVS VIII, ilhali hizo zilipigwa kwa mamilioni, na ukitafuta kwa subira utazipata kwa bei ya chakula cha mchana. Hazina sura ya mfalme. Zina taji, tundu katikati na pembe za ndovu. Ukioneshwa sarafu ya Afrika Mashariki yenye kichwa cha Edward wa Nane, jua kwamba ni kitu kilichobuniwa baadaye, kwa kuwa sarafu ya namna hiyo haikutolewa kwa matumizi.

Kuhusu shilingi ya simba nitasema kwa ufupi. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba mbele ya milima ilianza kutolewa mwaka 1921 ikiwa na robo tu ya madini ya fedha, takribani gramu 2 katika sarafu ya karibu gramu 7.8. Za kuanzia mwaka 1948 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hazina fedha hata chembe, ingawa simba ni yuleyule na mng’ao unafanana. Matangazo mengi huziita zote “shilingi za fedha”, kwa hiyo mwaka wa sarafu usomeke wazi kwenye picha kabla hujafanya lolote.

Kuna pia maelezo ya uongo kuhusu hali ya sarafu. Wanawake wengi wa pwani na wa Uarabuni walizivaa reale na rupia kama mapambo, kwa hiyo sarafu nyingi zilitobolewa au kuunganishwa na pete ndogo kwa lehemu. Baadaye pete hukatwa, tundu huzibwa, na ukingo husuguliwa. Sarafu ya namna hiyo ina historia yake, na mimi binafsi naipenda, lakini bei yake haiwezi kulingana na ya ile isiyoguswa. Itazame sehemu ya juu ya kichwa cha mfalme na ukingo ulio juu yake, kwani hapo ndipo pete ilipokuwa ikikaa; ukiona rangi ya madini imebadilika, au mistari ya ukingo imelala kwa urefu wa milimita chache kisha ikaendelea kama kawaida, umepata alama ya lehemu. Kuhusu sarafu iliyosafishwa, dalili yake ni mng’ao unaofanana kila mahali, hata kwenye mashimo ya herufi ambako sarafu ya kale huwa na giza, pamoja na mikwaruzo mingi myembamba inayoelekea upande mmoja.

Omba uzito, kipenyo na ukingo

Kila sarafu iliyopigwa kiwandani ina vipimo vyake, navyo vinapatikana kwenye katalogi zilizo wazi kwa kila mtu. Kwa hizi tunazozizungumzia, inatosha kukumbuka chache. Rupia ya Kijerumani, iwe ya kampuni kuanzia 1890 hadi 1902 au ya serikali kuanzia 1904, ina gramu 11.66 na kipenyo cha karibu milimita 30, na madini yake ni fedha ya kiwango cha 917 kwa elfu. Rupia 2, ambazo zilitolewa 1893 na 1894 tu, zina uzito mara mbili ya huo, na kwa kuwa ni adimu, bandia zake ni nyingi. Reale ya Maria Theresa ina gramu 28.07, kipenyo cha takribani milimita 40, na kiwango cha fedha cha 833 kwa elfu.

Mwandikie muuzaji kwa adabu, umwombe apige picha ya sarafu ikiwa juu ya mizani inayosoma nukta mbili za desimali, huku tarakimu zikionekana. Mizani za namna hiyo ni za bei nafuu na kila sonara anayo, kwa hiyo kisingizio cha kutokuwa nayo hakina uzito. Rupia iliyochakaa inaweza kusoma 11.4 au 11.5, na hilo ni la kawaida. Ikisoma chini ya 11, pana jambo. Ikisoma juu ya 11.7, pia pana jambo, kwa sababu sarafu haiongezeki uzito kwa kutumika.

Ukingo ndio sehemu ambayo wauzaji hawaipigi picha na waghushi hawaishughulikii sana. Rupia ina mistari midogo iliyosimama kuzunguka ukingo wote. Reale ina maandishi yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, pamoja na mapambo kati ya maneno. Reale yenye ukingo mtupu au wenye mistari tu haihitaji uchunguzi mwingine. Sarafu iliyosubiwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mshono mwembamba katikati ya ukingo, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, au alama za tupa za mtu aliyejaribu kuuondoa mshono huo. Omba picha ya ukingo kutoka pande tatu au nne. Muuzaji wa kweli anaweza kuchoka na maswali yako, lakini atakutumia. Yule mwingine ataanza kukwambia kuwa kuna mteja mwingine anayesubiri.

Sumaku nayo ni ya kuulizia, ingawa watu huiamini kupita kiasi. Fedha, dhahabu na shaba hazivutwi na sumaku, kwa hiyo rupia inayonasa ni bandia bila mjadala. Lakini rupia isiyonasa haijathibitisha lolote, kwani shaba njano, zinki na risasi nazo hazinasi. Vilevile usiitumie sumaku kukataa sarafu za karibuni za nchi zetu, kwa kuwa baadhi ya zile za kuanzia miaka ya 1990 zina chuma ndani na nikeli juu, na kunasa ndiyo tabia yake.

Hakikisha picha ni ya sarafu unayouziwa

Picha nzuri si ushahidi kwamba muuzaji anayo sarafu hiyo. Ipakue, kisha itafute kwa programu ya kutafuta picha zinazofanana. Ukiikuta kwenye mnada uliofungwa miaka iliyopita, au kwenye matangazo manne ya wauzaji wanne, unajua kwamba aliyeko mbele yako ameiazima. Baada ya hapo omba picha mpya ambamo sarafu imewekwa juu ya kipande cha karatasi chenye jina lako na tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono. Video fupi ni bora zaidi, akiigeuzageuza sarafu chini ya mwanga wa dirisha, kwa kuwa mng’ao wa madini yaliyopigwa chapa husogea juu ya sarafu, ilhali uso uliosubiwa huwa umefifia na una vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa.

Kuna kazi moja ya subira ambayo wanunuzi wengi huiruka. Chagua mkwaruzo au kidonda kimoja kinachoonekana wazi kwenye sarafu, kwa mfano mbonyeo kwenye shavu la Wilhelm, kisha pitia matangazo mengine ya sarafu ya mwaka huohuo. Ukiona mbonyeo uleule, mahali palepale na kwa umbo lilelile, kwenye sarafu nyingine mbili au tatu, basi zote zimetokana na chapa moja iliyotengenezwa kwa kunakili sarafu moja iliyokuwa na kidonda hicho. Sarafu mbili halisi haziumii kwa namna moja. Bandia za aina hii hupigwa kwa mashine, na wakati mwingine huwa na uzito sahihi, kwa hiyo mkwaruzo unaojirudia unaweza kuwa ndiyo dalili pekee utakayoipata.

Tazama pia bidhaa nyingine za muuzaji huyo. Mtu anayeuza rupia 2 za mwaka 1894 na kuonyesha kwamba zimebaki kumi, pamoja na dola za Marekani za karne ya 19 zote zikiwa katika hali moja, anauza nakala. Marekani ina sheria ya mwaka 1973 inayotaka nakala za sarafu ziwekwe neno COPY juu yake, na nakala nyingi huingia sokoni zikiwa na neno hilo. Wajanja hulifuta kwa tupa au kulijaza, kwa hiyo sehemu laini isiyoelezeka katikati ya uso wenye mikwaruzo ni ya kutiliwa shaka. Kuhusu visa vya chungu kilichofukuliwa shambani au sanduku la babu aliyekuwa askari, mimi huvisoma kwa furaha kama hadithi, kisha naomba picha ya mizani.

Tembo wa Tabora

Sarafu moja inastahili kuzungumziwa peke yake, kwa sababu ndiyo inayoghushiwa kwa wingi na ndiyo inayowatoa watu akili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizuiwa kuleta sarafu kwa bahari, wakaamua kuzipiga wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Mwaka 1916 walitoa heller 5 za shaba njano, heller 20 za shaba njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu kutoka mgodi wa Sekenke, zenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima na herufi T ya Tabora. Zilipigwa rupia 15 za dhahabu 16,198 tu kabla ya mji kutekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo. Iliyo halisi huuzwa leo kwa maelfu ya dola.

Sasa fanya hesabu. Tembo, yaani rupia hiyo 15 ya dhahabu, ana gramu 7.17 na kipenyo cha karibu milimita 22, na dhahabu yake ni ya kiwango cha 750 kwa elfu, yaani ndani yake mna takribani gramu 5.4 za dhahabu safi. Sonara yeyote angeinunua kwa bei ya dhahabu hiyo hata kama hajui Tabora iko wapi. Kwa hiyo tembo anayetangazwa kwa dola 60, au hata 150, hawezi kuwa wa dhahabu, kwani hakuna anayeuza dhahabu chini ya bei ya dhahabu kwa mtu asiyemjua. Kipande cha shaba njano chenye ukubwa uleule kina gramu kama 4 tu, kwa sababu dhahabu ya kiwango hicho ni nzito karibu mara mbili ya shaba njano. Hilo ndilo linalowafanya wauzaji wa tembo wa bandia wataje kipenyo na kusahau uzito. Tembo wa bei kubwa naye anunuliwe tu akiwa amethibitishwa na kampuni inayojulikana, au kwenye mnada wenye jina la kulinda.

Heller 20 za Tabora zina somo la kinyume. Zilipigwa kwa haraka kwa zana za karakana, kwa hiyo halisi zake mara nyingi ni mbovu kwa sura: herufi zimefifia, taji limekaa upande, kipande kina nyufa. Mnunuzi mgeni huikataa iliyo halisi kwa ubaya wake, akanunua ya bandia kwa kuwa ni safi. Kabla ya kununua mojawapo, tumia saa moja ukitazama picha za halisi nyingi kwenye kumbukumbu za minada, jicho lizoee ubovu unaotakiwa.

Sarafu iliyofungwa kwenye kasha, na namna ya kulipa

Kampuni za Marekani kama PCGS, iliyoanza kazi 1986, na NGC, iliyoanzishwa 1987, huikagua sarafu, huipa daraja kwa kipimo cha 1 hadi 70, na kuifunga ndani ya kasha la plastiki lenye namba. Kasha husaidia, lakini nalo hughushiwa. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni, usifuate kiungo wala alama ya kuskani uliyopewa na muuzaji, kisha ingiza namba. Namba ikikubali, bado hujamaliza, kwani waghushi huchukua namba ya sarafu iliyopo kweli. Linganisha picha ya kampuni na ya muuzaji, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Soma lebo yote pia. Neno Details juu yake linamaanisha kwamba sarafu ni halisi ila imesafishwa, imetobolewa au imeharibiwa kwa namna fulani, na ndiyo sababu baadhi ya picha huikata lebo katikati.

Sarafu za kale zaidi, kama zile ndogo za shaba za masultani wa Kilwa, zina jambo lake la ziada. Hazikuandikwa mwaka, kwa hiyo tangazo linalotaja mwaka kamili limeubuni, na Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inakataza vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Muuzaji aliye nje aulizwe karatasi zinazoonyesha zilivyotoka.

Malipo yafuate njia inayorudisha hela. Kwenye PayPal, malipo yaliyotumwa kama ya rafiki au ndugu hayana ulinzi wa mnunuzi, na muuzaji anayekushawishi utume kwa njia hiyo ili kukwepa makato anakuondolea kinga yako. Kumtumia mtu usiyemjua hela kwa simu kabla hujaiona sarafu ni sawa na kumpa mkononi barabarani. Kama muuzaji yuko mji mmoja nawe, pendekeza mkutane kwenye duka la sonara, mwenye duka apime mbele yenu, ndipo ulipe.

Ikishafika mkononi

Rekodi video bila kuikatiza tangu kifurushi kikiwa kimefungwa hadi sarafu iwe juu ya mizani. Ukija kudai, hiyo ndiyo inayozuia hoja kwamba umeibadilisha. Usiisafishe, usiisugue, hata kama ina uchafu.

Kwa sarafu za fedha na dhahabu, kipimo cha maji ndicho kinachotoa jibu kwa gharama ndogo kuliko vyote. Pima sarafu ikiwa kavu, uandike uzito. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani na uirudishe kwenye sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, uitumbukize yote ndani ya maji bila kugusa sakafu wala ukuta wa kikombe, uhakikishe haina mapovu, kisha usome tarakimu. Gawanya uzito wa kwanza kwa tarakimu hiyo. Rupia nzuri yenye gramu 11.66 itasoma ndani ya maji karibu 1.13, na jibu la kugawanya litakuwa kama 10.3. Reale itasoma karibu 2.75, na jibu lake ni kama 10.2. Ukipata 8.5 hadi 8.9, umeshika shaba au mchanganyiko wake uliopakwa fedha juu. Rudia mara tatu, kwa sababu kosa dogo la mkono hubadili jibu, hasa kwa sarafu ndogo. Kwa pesa za shaba kipimo hiki hakisaidii, kwani bandia yake nayo ni shaba. Huko urudi kwenye herufi na ukingo.

Kama kuna kasoro, dai siku hiyohiyo. Baadhi ya masoko makubwa, eBay likiwamo, huweka muda wa siku 30 wa kurudisha bidhaa isiyolingana na maelezo yake, na wauzaji wajanja hujua kukuzungusha kwa maneno matamu mpaka siku hizo ziishe. Fungua dai kupitia soko lenyewe, si kwa ujumbe wa pembeni, na uambatanishe picha tatu: mizani, ukingo, na maneno ya tangazo uliyoyahifadhi kabla hayajafutwa. Sema kwamba sarafu hailingani na maelezo, taja vipimo viwili kando kwa kando, usimtukane mtu.

Ikishindikana kurudishwa, usiiuze, hata kwa bei ya hasara na hata kwa kumweleza ukweli anayeinunua, kwa kuwa yeye ataiuza kwa mwingine bila maelezo hayo. Ile yangu ya gramu 9.58 bado ninayo. Sonara aliitoboa tundu la milimita 3 katikati ya kifua cha Wilhelm, akachora neno BANDIA chini ya simba, nami huitoa kila ninapopimia nyingine ili niziweke pamoja chini ya lenzi.